Tupeane uzoefu: umewahi kununua gari ya spoti ya zamani ambayo mtu kashaibadilisha injini?

Mwana_Chumbageni
Habari za jioni wakuu, wakubwa shikamooni. Nipo Tanga mjini, kuna Datsun 240Z ya 1972 inauzwa upande wa Raskazone, imekaa uani kwa mtu miaka mingi na mimi tokea niione usingizi umepungua. Wenye umri wanazijua, ndio zile zilizochukua mbio za magari za East African Safari 1971 akiendesha Edgar Herrmann, halafu 1973 Shekhar Mehta, mwaka ambao Mehta na Harry Källström walimaliza na muda sawasawa ikabidi iangaliwe nani kaenda mbali zaidi bila kupata adhabu. Mzee wangu alinisimulia hizo habari toka niko shule ya msingi, mpaka leo akisikia mlio wa silinda sita anaacha anachofanya anasikiliza.

Sasa tatizo ni kwamba hii sio ya kiwandani tena. Injini yake L24, cc 2393, kabureta mbili, ilitolewa ikawekwa 1JZ-GTE ya turbo, injini ya Toyota, hizi za kwenye Mark II na Chaser. Ya asili ilikuwa na farasi 151, hii 1JZ imetoka Japani inasoma 280. Fenda zimepanuliwa, rimu pana, rangi mpya ya chungwa inang'aa. Anataka milioni 32. Hela ninayo ila ni akiba ya miaka sita ya kupeleka machungwa ya Muheza Dar, ikiungua sina nyingine.

Naomba mliopitia mniambie yaliyowakuta. Mwenye kuniambia ninunue gari mpya mpya namheshimu ila sio ninachouliza.

fundi_bodi_ngamiani
Mdogo wangu hapo kwenye rangi mpya ndio nianzie. Mimi nanyoosha bodi huu mwaka wa 22, na hapa Tanga chumvi ya bahari haina huruma, gari ikilala nje Raskazone au Sahare usiku mmoja asubuhi unaifuta kwa kidole unaonja chumvi.

Kuna kijana aliniletea Celica ya miaka ya 70, kainunua imepigwa rangi nyekundu nzuri mno, anataka nimrekebishie mlango tu maana ulikuwa unagoma kufunga. Nikachukua sumaku nikaifunga kitambaa nisikwaruze rangi, nikaipitisha chini ya mlango. Haishiki. Nikashuka, haishiki. Nikaja nyuma ya mlango pale kabla ya tairi, sumaku ikaanguka chini kabisa tukaisikia. Tukagonga na bisibisi, ikatoka puti, ile ya kuziba mashimo ya bati, kipande kinene kama mkate wa boflo, nyuma yake gazeti na waya wa kuku. Mlango ulikuwa haufungi kwa sababu gari yenyewe imeshaanza kukatika katikati. Yule kijana alikaa kwenye tairi pale gereji hakusema kitu kama nusu saa, niliumia na mimi.

Sasa 240Z haina chesisi ya kujitegemea kama pikapu, bodi ndio chesisi. Angalia chini ya betri, maji ya betri yanakula bati pale mpaka ndani kwenye miguu. Inua kapeti uone sakafu. Lala chini uangalie zile reli mbili zinazopita chini ya sakafu, pita kizingiti chote cha mlango, shimo la tairi la akiba, na kuzunguka mlango wa nyuma. Injini hata ikifa inapatikana nyingine, bodi iliyooza ya hiyo gari utaitoa wapi hapa mjini?

Mama_Zetu_Pongwe
Mimi na mume wangu tulinunua Corolla ya zamani iliyowekwa injini nyingine, sio spoti kama yako ila yaliyotukuta ni ya waya. Aliyeweka injini aliunga waya kwa kusokota na selotepu, fyuzi moja inabeba vitu vinne. Tunatoka mjini usiku, mvua, tumefika karibu na Pongwe tumewasha taa, waipa na feni ya rejeta kwa pamoja, nikasikia harufu ya plastiki, mara moshi unatoka chini ya dashibodi na mtoto amelala siti ya nyuma. Mume wangu alichomoa betri kwa mikono. Tulitembea na mtoto mgongoni.

Kwa hiyo kaka ukienda washa kila kitu kwa wakati mmoja halafu ukae dakika kumi, usione aibu kwa mwenye gari. Na uombe aliyeunga waya akuonyeshe mchoro, kama hana basi hesabu kabisa hela ya kufunga waya upya gari nzima.

mzee_wa_kadi
Kadi ya gari ina namba ya chesisi na namba ya injini. Mimi niliuziwa gari kadi inasoma injini ambayo haimo, aliyeitoa kashafariki na karatasi za injini mpya hakuna. Gari ilikaa uani miezi minane nahangaika na ubadilishaji jina. 240Z za usukani wa kulia chesisi inaanza na HS30, imegongwa kwenye bati la ukuta kati ya injini na dashibodi. Ilinganishe na kadi kabla hamjaanza kuongea bei.

Zigua_Rally
Naomba na mimi niseme upande wa pili maana naona anatishwa. Gari yangu ni Celica, imebadilishwa injini na mwenyewe wa kwanza na sijutii hata siku moja. Lakini sikilizeni alichonipa: bahasha ya risiti zote, picha za kila hatua kuanzia bodi ikiwa bati tupu, na maelezo alichobadilisha na KWA NINI. Aliongeza nguvu akaongeza breki, akaongeza rejeta, akabadilisha difu (gia ya ekseli inayozungusha matairi ya nyuma) na shokapu. Siku ya kuijaribu nilimwambia twende Lushoto, akakubali hapo hapo. Tukapanda kutoka Mombo saa saba mchana, ile milima yote na kona zile, mshale wa joto haukusogea. Hapo ndio nilijua huyu bwana alikuwa anajenga gari ya kuendesha.

Ukija kwako mkuu, 240Z ilitoka na diski mbele na dramu nyuma, difu R180 ambayo ni ndogo, kwa ajili ya farasi 151 na gari ya kama tani moja. Mtu kaweka 280. Muulize breki ni zipi, difu ni ipi, wengi wanaweka R200, kubwa zaidi, ya kwenye 280Z. Kama jibu ni "breki ziko vizuri tu" na humo ndani ni zile zile za 1972, basi kakuuzia mwendo hajakuuzia kusimama. Na uliza timing belti ya hiyo 1JZ ilibadilishwa lini, L24 ilikuwa ya cheni, 1JZ ni ya mkanda.

binti_wa_Muheza
Swali moja tu, injini ya L24 iko wapi? Marehemu baba alikuwa na Datsun 1600 SSS, kaka zangu wakatoa injini wakaweka nyingine, ile ya zamani ikauzwa chuma chakavu kwa kilo. Baadaye alikuja mtu kutoka Mombasa anataka kuinunua kwa hela nzuri sana, alipofungua boneti akafunga akaaga. Mpaka leo mama akiiona ile gari hasemi kitu.

Mwana_Chumbageni
Asanteni sana wote, kwa kweli. Leo nimeenda na fundi_bodi, kaacha kazi zake kunisindikiza Mungu ambariki. Kadi na chesisi vinasoma sawa, injini bado inasoma L24 kwenye kadi ila karatasi za 1JZ anazo. Sumaku imeshika vizuri vizingiti vyote na mlango wa nyuma, ila chini ya betri kuna kiraka na reli ya kushoto imechomelewa bati juu ya kutu. Breki za nyuma ni dramu zile zile. Difu hajui ni ipi.

Nikamuuliza L24. Akanipeleka stoo, akafunua turubai, iko juu ya matairi mawili, imepakwa grisi, kabureta zake zote mbili zimefungwa kwenye mfuko wa unga. Dada wa Muheza nilikukumbuka pale pale.

Nimemwambia milioni 21 pamoja na hiyo injini, kakataa, kasema 27. Sijajibu. Jumamosi amekubali tuipandishe juu kwa fundi wa kuchomelea aone reli, halafu twende Segera na kurudi saa saba mchana, taa zote zimewashwa.