Naomba ushauri: gari la mkopo na uhamisho wa jeshi kwenda Ujerumani

Habarini wakuu. Mume wangu yuko jeshi la Marekani, tunaishi El Paso, na amepewa barua ya uhamisho kwenda Kaiserslautern. Tuna RAV4 ya 2017 ambayo bado tunailipia mkopo. Serikali inagharamia kusafirisha gari moja tu la askari, kwa hiyo ile pikapu yake kuukuu tunaiuza, hilo halina mjadala (yeye ananuna, ila atazoea).

Kinachonisumbua ni benki. Bandarini hawapokei gari lenye deni bila barua ya benki iliyotoa mkopo inayoruhusu litoke nchini. Nimepiga simu mara nne, kila anayepokea ananipa jibu lake. Waliopitia hili, mliipataje hiyo barua? Au ni bora kulipa deni lote kwanza kwa akiba?

Mengine nimeshayajua: tangi lisizidi robo, gari lioshwe mpaka chini ya bodi, na kama kiwanda kimeliita kwa hitilafu, lirekebishwe kabla. Kule baridi ikishika barabara, matairi ya kawaida hayaruhusiwi. Ninunue ya baridi hapa, au nisubiri kule?

Shemeji yangu wa Mombasa anasema tukimaliza Ujerumani tumpelekee. Nimemkumbusha usukani uko kushoto, na Kenya haipokei hata gari lililozidi miaka minane. Bado anasisitiza!

Tunaondoka baada ya wiki saba. Nisaidieni jamani.