Bei ya dawa za wazee Marekani imeshushwa kisheria, mbona dirishani pa famasi bado wanakamuliwa?

Wakuu, hili linauma zaidi kwa sababu sheria yenyewe ni nzuri. Tangu 2003 Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, ilipigwa marufuku kupatana bei na watengenezaji wa dawa, ingawa ndiyo inayowalipia mamilioni ya wazee. Mlango ukafunguliwa na sheria ya 2022, na bei za dawa 10 za kwanza zikaanza Januari 1, 2026. Eliquis ya kuzuia damu kuganda, dozi ya siku 30, imetoka dola 521 za bei ya orodha (anayotangaza mtengenezaji kabla ya punguzo) hadi 231. Januvia ya kisukari, 527 hadi 113. Si haba.

Sasa njooni dirishani.

Bima ya Sehemu ya D, ile ya Medicare inayolipia dawa za famasi, inaruhusiwa kumwachia mzee dola 615 za mwanzo wa mwaka azibebe mwenyewe. Anayemeza Eliquis peke yake, kwenye bima inayotoza kiasi hicho chote, anatoa 231 Januari, 231 Februari, na Machi anamalizia 153 pamoja na mchango wake kwa zile 78 zilizobaki. Ameambiwa bei imeshuka zaidi ya nusu, na miezi mitatu anatoboka mfuko! Baada ya hapo, kama bima yake inatoza kiwango maalumu cha dola 47 kwa dawa ya kundi hilo, ilikuwa 47 bei ikiwa 521 na inaweza kubaki 47 ikiwa 231.

Kwa dawa ambazo hazijapatanwa ni mbaya zaidi. Mzee akitozwa asilimia 25, mara nyingi inapigwa kwenye bei kubwa ya orodha, wakati mtengenezaji anairudishia bima punguzo baadaye. Mgonjwa analipia bei ambayo bima yenyewe hailipi.

Halafu vibali. Sheria inailazimisha bima kuziweka dawa zilizopatanwa kwenye orodha ya dawa inazolipia, lakini haijaikataza kudai daktari aombe kibali kwanza kabla haijalipa, wala kumlazimisha mgonjwa aanze na dawa nyingine. Ukiomba msamaha wa masharti hayo, jibu ni ndani ya saa 72, au 24 kukiwa na hatari. Watu wanapokwama ni hapa: saa hazianzi kuhesabiwa mpaka maelezo ya daktari yaifikie bima. Mzee anasubiri wiki nzima kumbe faksi haijatoka kliniki. Anzeni na daktari, aandike wazi dawa mbadala ipi ilishindwa au itamdhuru vipi, ndipo muisumbue bima.

Kikomo cha mwaka cha anachotoa mzee mfukoni kwa dawa za Sehemu ya D, dola 2,100, ni ukombozi kwa wenye saratani, hilo nalikubali kwa moyo wote. Ila ada ya bima ya kila mwezi haihesabiwi humo, wala dawa iliyo nje ya orodha ya bima yake. Sindano na dripu za kliniki ziko Sehemu ya B, ile ya huduma za daktari na kliniki: mzee anatoa asilimia 20, na kwenye Medicare ya kawaida bila bima ya nyongeza hakuna kikomo.

Kinachonitia hasira kuliko yote ni malipo ya awamu. Yapo, hayana riba, yanatawanya gharama hadi Desemba. Lakini mzee lazima aombe mwenyewe kwa bima yake; mfamasia hawezi kumwandikisha pale dirishani. Ombi la katikati ya mwaka hushughulikiwa ndani ya saa 24, kwa hiyo mwenye dawa ghali aombe kabla ya kuchukua dozi ya Januari. Akijiunga Oktoba, miezi ya kugawia imebaki michache tu.

Agizo moja likimgharimu mzee dola 600, famasi inatakiwa kumpa karatasi ya kumjulisha kuhusu mpango huo. Kompyuta imeshamtambua, jina lake liko kwenye kioo, dawa iko kaunta. Kwa nini apewe karatasi badala ya kuandikishwa hapo hapo?