Nimemsamehe baba, lakini jeraha bado linauma: je, sijapona?

Mwulizaji, Iringa

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Niliokoka nikiwa kidato cha pili, na kwa sasa ninafundisha watoto shule ya Jumapili. Nilikulia katika nyumba ambayo baba alinipiga na kunitukana karibu kila alipolewa, akiniita mkosi mbele ya wageni, na mama hakuthubutu kuingilia kati. Baada ya kuokoka nilimsamehe kwa machozi mbele za Mungu, na tangu hapo sijamwombea baya lolote. Hata hivyo, sauti ya mwanamume ikipanda, hata kama ni ya mchungaji anayehubiri, mwili wangu hutetemeka na siku hiyo nzima ninakosa amani.

Nimekwenda kwenye maombezi, nimefunga, nimewekewa mikono, nimeambiwa nivunje laana za ukoo. Kwa majuma machache hujiona mwepesi, kisha hali hurudi. Mwombezi mmoja aliniambia kwamba jeraha likirudi ni ushahidi kuwa sikusamehe kwa kweli, au imani yangu ni haba. Sasa baba amepata kiharusi, na ndugu zangu wanataka nirudi kijijini nikamuuguze, kwa kuwa mimi sijaolewa na tena ndiye mlokole wa familia. Je, mtu anaweza kuwa amesamehe kweli na bado akaumia? Na nikikataa kuishi naye nyumba moja, nitakuwa nimevunja amri ya kuwaheshimu wazazi?

Mzee wa Ushirika, Bukoba

Binti yangu, pole sana. Anza kwa kumtazama Yusufu. Alipozaliwa mwanawe wa kwanza, alisema kwamba Mungu amemsahaulisha taabu zake zote na nyumba yote ya baba yake (Mwanzo 41:51), na mtu angedhani habari imekwisha pale. Lakini katika sura inayofuata ndugu zake wanatokea, naye anajitenga nao na kulia. Katika sura ya 43 anakimbilia chumbani kulia, kisha ananawa uso na kurudi mezani. Katika sura ya 45 analia kwa sauti hata Wamisri wanamsikia. Na katika sura ya 50, baada ya baba yao kuishi Misri miaka 17 na kufariki, wakati ndugu wale wamekwisha kusamehewa na kulishwa kwa mkono wake, wanamtumia ujumbe wa kuomba msamaha, naye analia tena. Maandiko hayasemi popote kwamba machozi hayo yalitangua msamaha wake. Yanaonyesha mtu ambaye Mungu alimponya kwa hatua, kila hatua ikigusa mahali ambapo ile ya kwanza haikufika, na mwombezi yule hakupaswa kukuhukumu kwa kile ambacho Biblia yenyewe inakisimulia kwa upole namna hiyo.

Sisi wa Ushirika tuliolelewa katika Uamsho wa kiroho, ule uliowaka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 ukaenea Uganda, huku kwetu Bukoba na Kenya, tulifundishwa kutembea nuruni kama isemavyo 1 Yohana 1:7, yaani kuungama makosa yetu waziwazi mbele ya wenzetu. Katika shule hiyo alikulia Askofu Festo Kivengere wa Kigezi. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda alipouawa na utawala wa Idi Amin mwezi Februari 1977, Kivengere alilazimika kukimbia na mke wake kupitia milimani hadi Rwanda. Ijumaa Kuu ya mwaka huohuo, akiwa ibadani London, aliguswa na maneno ya Yesu msalabani na akajua kwamba hana budi kumsamehe Idi Amin, akamsamehe, na akausema msamaha huo hadharani. Lakini hakurudi Uganda kukaa chini ya mkono wa Amin. Alirudi mwaka 1979, baada ya utawala ule kuanguka. Sijawahi kumsikia mtu wa Ushirika akisema kwamba umbali ule ulipunguza msamaha wake.

Neno langu moja la kukuonya ni hili: ukikuta moyoni mwako uchungu unaoutunza, ulete nuruni mbele ya wenzako na kuutubu.

Mshauri nasaha, Dodoma

Shikamoo Mzee. Habari ya Yusufu umeieleza vizuri, ila hapo mwisho nina hofu kidogo. Katika kazi yangu nimekutana na watu walioumizwa utotoni ambao wamefundishwa kuungama kutetemeka kwao kana kwamba ni dhambi, na kila wanapoungama bila kuacha kutetemeka hujiona waongo mbele za Mungu. Dada, mtoto aliyepigwa mara kwa mara hujifunza kusoma hatari katika sauti na hatua za miguu, na mwili uliojifunza hivyo huendelea kujihami hata hatari ilipokwisha. Hilo si uchungu wa kutubiwa. Uchungu ni kutamani baba alipizwe, nawe umesema hutamani hivyo.

Eliya alipoomba afe chini ya mretemu (1 Wafalme 19), malaika hakumkemea kwa upungufu wa imani. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Swali la Mungu, "Unafanya nini hapa, Eliya?", lilikuja baadaye, mtu akiwa amepata nguvu. Kwa hiyo usione haya kumwona mtaalamu: hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kitengo cha afya ya akili. Maombi yaendelee sambamba. Na unapotaka kusema yaliyokupata, usiyamwage mbele ya kusanyiko. Tafuta mtu mmoja mwenye kutunza siri, ikiwezekana mama aliyekomaa katika imani.

Kuhusu baba, soma 1 Samweli 24. Sauli alikuwa amemtupia Daudi mkuki. Pangoni Daudi anakataa kumdhuru, anamsujudia, anamwita "baba yangu", na Sauli analia. Kisha Sauli anakwenda nyumbani kwake, naye Daudi anapanda ngomeni. Heshima ilikamilika bila Daudi kurudi kukaa mezani karibu na mkuki. Baba yako atunzwe, lakini kutunzwa kwake kuna njia nyingi, na ndugu wote ni watoto wake.

Mwanaparokia, Moshi

Tumsifu Yesu Kristo. Ninaongeza mawili tu. Hiyo habari ya laana za ukoo isikusumbue: Ezekieli 18:20 inasema wazi kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Pili, sali Zaburi za maombolezo jinsi zilivyo, hasa ya 13 na ya 88. Ile ya 88 inaishia gizani bila neno la ushindi, na Kanisa limeiweka katika sala yake ya usiku, kwa hiyo hata siku ambayo huna ushuhuda wa kutoa bado una sala ya kusali pamoja na Kanisa zima.

Mwulizaji, Iringa

Asanteni sana, wazazi na ndugu zangu. Nitamweleza kaka kwamba nitachangia malipo ya mtu wa kumhudumia baba, na kwamba nitakwenda kumwona mchana nikiwa na shangazi, bila kulala pale. Bado nina swali: nikienda, je, nimwambie baba kwamba aliniumiza, au msamaha unatosha ukiwa kati yangu na Mungu?

Mzee wa Ushirika, Bukoba

Mshauri, marahaba, nimekubali sahihisho lako. Binti yangu, katika Luka 17:3 Bwana ameruhusu kumwonya aliyekukosea, kwa hiyo ukimwambia hutakuwa umemvunjia heshima. Lakini hulazimiki kufanya hivyo safari ya kwanza, mbele ya mgonjwa ambaye pengine hata kusema kunampa shida. Mwombe shangazi akuambie kwanza hali yake na kama amewahi kuyataja mambo hayo. Ikiwa hatatubu kamwe, msamaha wako haumngoji yeye: Stefano, alipokuwa akipigwa mawe hadi kufa, aliwaombea watu waliokuwa bado wameshika mawe hayo. Kupatana ndiko kunakohitaji watu wawili, na hilo hutadaiwa wewe peke yako.