Naomba ushauri: mzee anakatwa vinyama vya utumbo mpana

Wakuu, habari zenu. Mzee wangu (63), tupo Mbagala, alikuwa anatoa damu chooni, tukadhani bawasiri. Mitishamba kanywa mpaka basi. Kolonoskopi (kipimo cha kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa) imeonyesha vinyama viwili: kimoja milimita 6, kingine 18. Daktari anasema kidogo atakikata kwa kitanzi cha waya bila umeme. Kikubwa atakidunga maji ya chumvi chini yake kiinuke, ndipo akikate kwa kitanzi chenye umeme. Hicho cha umeme ndicho kinanitisha: damu inaweza kutoka hata wiki mbili baadaye, au utumbo utoboke. Na mzee anameza aspirini ya moyo. Waliopitia hili, aspirini mliambiwaje? Anataka kusafiri Ifakara wiki hiyohiyo, mbishi kweli. Mlikaa siku ngapi karibu na hospitali?