Naamka saa nane usiku, kichwa kinapiga hesabu mpaka alfajiri. Nianzie wapi?

Nuru_K
Habari za jioni wadau. Dukani ni saa moja asubuhi hadi saa mbili usiku: wadeni, mzigo, kodi ya fremu. Nikilala nasinzia haraka, lakini saa nane usiku macho makavu, hesabu zile zile zinazunguka mpaka adhana ya alfajiri. Nimejaribu kuvuta pumzi ndefu, ndiyo kwanza napata kizunguzungu. Vidonge sitaki.

Tabibu_wa_Mtaa
Pole sana. Kizunguzungu hicho kinaletwa na kuvuta hewa nyingi harakaharaka: kaboni dayoksaidi inashuka mno kwenye damu, kichwa kinakuwa chepesi na vidole vinachomachoma. Kinachotuliza mwili ni kutoa pumzi taratibu. Keti, mkono mmoja tumboni. Vuta kwa pua ukihesabu hadi 4. Tumbo ndilo linyanyuke, kifua kitulie. Toa ukihesabu hadi 6, midomo umeibana kama anayepuliza chai ya moto. Hizo ni pumzi 6 kwa dakika. Fanya dakika 5. Ukihisi hewa haitoshi, vuta kwa 3 utoe kwa 4. Jizoeze mchana wateja wakipungua. Zoezi geni halishiki usiku wa manane.

Bi_Mkasi
Hizo hesabu zipe saa yake, dada, zisijichagulie zenyewe. Saa kumi na mbili jioni, dakika 15, daftari na kalamu. Simu weka mbali. Gawa ukurasa: kushoto linalokusumbua, kulia hatua moja ya kesho. Ukiandika "kodi" peke yake hujafanya kitu. Andika "kesho saa nne nimpigie mwenye fremu, niombe kulipa nusu tarehe 5". Lisilo na hatua, liandikie "leo halina la kufanya". Wengi hukosea kwa kuandikia kitandani, basi kitanda kinageuka ofisi. Jambo jipya likikuamsha, andika neno moja tu. Mengine yasubiri jioni.

Kaka_Mwenda
Naongezea kwa Bi Mkasi. Ukiona zimepita kama dakika 20 hujasinzia (kadiria tu, kutazama saa kunaongeza wasiwasi), toka kitandani. Kama mnalala chumba kimoja na familia, kiti au mkeka pembeni unatosha. Taa hafifu, kazi isiyo na raha wala haraka, mfano kukunja nguo. Rudi macho yakiwa mazito. Usingizi usipokuja, toka tena. Asubuhi amka saa ile ile, hata Jumapili, na usilale mchana kufidia. Wiki ya kwanza uchovu huzidi, na hapo ndipo watu wengi huacha. Vumilia wiki 3 au 4. Anayeendesha bodaboda au mashine awe mwangalifu sana siku hizo.

Nuru_K
Asanteni mno. Chai ya rangi je? Nakunywa vikombe vinne, cha mwisho saa moja jioni.

Tabibu_wa_Mtaa
Hiyo nayo inachangia. Kwa watu wengi kafeini, kile kichangamsho kilichomo kwenye majani ya chai, huchukua kama saa 5 kupungua nusu, kwa hiyo saa sita usiku nusu ya kikombe hicho bado imo mwilini. Cha mwisho kiwe saa nane mchana. Jioni chemsha mchaichai au tangawizi bila majani ya chai. Punguza kikombe kimoja kila baada ya siku mbili tatu, maana ukiacha ghafla kichwa kitauma.

Umefanya vizuri kukwepa vidonge. Piriton, ambayo wengi huinunua ili walale, ni dawa ya mzio, na asubuhi inakuacha mzito. Hali hii ikikujia usiku 3 au zaidi kwa wiki kwa miezi 3, au ukiwa unakoroma na kukabwa pumzi, au unaamshwa na mkojo mara kwa mara, nenda kituo cha afya wakupime, sukari ikiwemo. Mawazo ya kujidhuru yakikujia, nenda siku hiyo hiyo, na usiende peke yako.