Mjadala: Kijiji ni kipi, na nani aunganishiwe umeme kwa 27,000?

Mzabibu: Wakuu, kijijini umeme unaunganishwa kwa shilingi 27,000. Mjini, tangu Januari 2022, ni 320,960. Sisi tunalima zabibu na maji tunayafuata kwa baiskeli, lakini tumo ndani ya mipaka ya Jiji la Dodoma, kwa hiyo tunaitwa mtaa na bei tumepewa ya mjini. Kwa nini wasiangalie watu wanavyoishi?

Kariakoo77: Mmezoea kubebwa. Mnashinda kwenye bao, halafu mnataka ruzuku.

MamaJeni: Bao? Saa kumi na moja alfajiri mimi niko shambani! Mchele unaokula umetoka Mbarali, mahindi Kibaigwa. Omba radhi.

Kariakoo77: Mchele nanunua, sipewi. Na Kibaigwa ni mji mdogo, siyo kijiji.

MamaJeni: Soko ndilo liko mji mdogo. Mahindi yanatoka vijiji vya Kongwa na Kiteto. Radhi bado.

Babu Mipaka: Wanangu, umeme ni sehemu tu. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kijiji iko chini ya halmashauri ya kijiji, na mkutano mkuu wa wanakijiji una sauti. Kijiji kikigeuzwa mtaa, ile halmashauri haipo tena. Wanakuja wapimaji, shamba linakatwa viwanja. Nimeyaona kwa macho yangu.

MamaJeni: Shikamoo babu. Hilo tutalirudia, huyu wa bao kwanza.

Mchambuzi: Sensa ya 2022, kama sikosei, wa mjini ni asilimia 35 hivi. Sasa humo wamo wangapi wanaoshika jembe kama Mzabibu? Wabunge nao wameshalilia sana hii mitaa yenye sura ya kijiji.

Kariakoo77: Sawa, neno la bao nalifuta, dada. Lakini mpangaji wa Tandale, chumba kimoja na watoto wanne, naye ni maskini. Mbona kwake hakuna 27,000?

MamaJeni: Nimepokea. Hapo sasa umesema jambo. Tandale washushiwe, na Mzabibu asipandishiwe.

Mzabibu: Nguzo imepita mita ishirini kutoka mlangoni kwangu. Mwanangu wa darasa la saba anasomea tochi ya simu.