Nalinda mbao porini Makete, baridi ya usiku inanimaliza. Nifanyeje?

Wakuu, habari za jioni. Nimepata kazi ya kulinda mbao huku Makete na mwezi huu wa saba baridi haina adabu, asubuhi nyasi nyeupe kwa sakitu. Mabanzi ya paini yapo tele, ila moto unawaka kwa fujo, ukigeuka umezima. Nikiusogelea magoti yanaungua, mgongo barafu. Nina blanketi moja na turubai. Tajiri anasema niingize jiko la mkaa ndani ya turubai nilale nalo. Mnashaurije?

Mzee wa Miwati: Kijana, paini ni ya kuwashia tu. Tafuta mwati au mkaratusi mkavu, magogo mawili yenye urefu wako. Yalaze sambamba, yaachane kidogo, moto ukae katikati. Yakiliwa unayasogeza kwa mti, unarudi kulala. Wewe lala ubavuni mwa moto, siyo kule moshi unakoelekea.

Nesi wa Zamu: Hilo jiko liache nje!! Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Unasinzia, huamki. Huyo tajiri mwambie akuletee blanketi la pili.

Binti Mkinga: Kaka, hiyo baridi ya mgongo nusu yake inatoka ardhini. Jaza maranda kwenye viroba, vilalie.

Fundi Chenso: Maranda na viroba karibu na cheche za paini? Dada unataka tumzike.

Binti Mkinga: Haya, basi apange mabanzi chini, juu yake nyasi kavu nene, na moto wa usiku uwe wa mwati kama mzee alivyosema. Ila chini asilale hivihivi.

Fundi Chenso: Hapo sawa. Turubai lifunge mshazari nyuma yako, upande upepo unakotoka, joto likigonga linakurudia mgongoni. Kofia, soksi kavu. Na pombe kali achana nayo, inakudanganya una joto huku mwili unalipoteza.

Mleta uzi: Shukrani sana wakuu. Sasa chini kote ni majani makavu ya paini, hakuna hatari?

Mzee wa Miwati: Ipo, tena kubwa. Fagia mpaka udongo uonekane, pana kabisa, usikoke karibu na kisiki. Moto huingia kwenye mizizi ukaibukia kwingine wewe ukiwa umeshaondoka. Asubuhi mwaga maji, koroga majivu, mwaga tena, kisha weka mkono juu. Kama bado pana joto, hujamaliza.